Mvua za Uhuru na Kambare wa Nyando

Kwenye matanga huku kwetu Kano, usiku ukishakuwa mkubwa na sifa za marehemu zimekwisha, mazungumzo huhamia kwa samaki. Hapo hakosekani kijana wa kutangaza kwamba samaki wote wa zamani waliliwa na mbuta, yaani sangara. Atawataja Wazungu waliomleta, atataja viwanda vya minofu, kisha atatikisa kichwa. Mimi hunyamaza, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akibishana usiku wa matanga huambiwa ana lake jambo. Lakini nilikuwa tayari msichana wa kubeba karai kichwani wakati mbuta bado ni samaki wa kusikika tu kwa watu waliotoka Uganda, na samaki waliokuwa wakipanda mto wetu walikuwa wameshaanza kwisha.

Kwa hiyo nimeona niandike niliyoyaona, hasa ya kambare, yule tunayemwita mumi kwa Kijaluo. Msimu wake mkubwa kuliko yote niliyoikuta duniani niliushuhudia nikiwa nimesimama ndani ya maji. Ulikuja na mvua za mwisho wa mwaka 1961, zile ambazo watu waliziita mvua za Uhuru.

Asiyeijua Kano aelewe kwanza ardhi yake. Mto Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet kwa kasi, umebeba udongo. Ukikaribia Ahero unakuta nchi tambarare, unapoteza nguvu, unaanza kupindapinda mpaka unapozama kwenye mafunjo na kuishia Ghuba ya Winam. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu wa mtoto, na masika hauna kiu hata kidogo, maji hukaa juu yake. Basi mvua ikinyesha milimani, hata kama kwetu jua linawaka, mto huweza kuvunja kingo usiku na kutandaa mashambani. Watu hupoteza mtama, mbuzi na kuta za nyumba. Na kambare hapo ndipo anapozalia.

Kambare haishi mtoni muda wote. Makao yake ni ziwani na kwenye vinamasi vya mdomo wa mto, mahali penye matope ambapo samaki wengine hukosa pumzi. Yeye hana shida hiyo, kwa kuwa nyuma ya kichwa, juu ya mashavu, ana kiungo chenye vitawi vingi kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Kichwa chake ni kipana na kigumu, ngozi haina gamba hata moja, na mdomoni ana sharubu jozi nne za kupapasia gizani. Wanaompima husema anaweza kupita urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 50. Wale wa kawaida kwetu walikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Mara mojamoja alitokea mmoja ambaye mvulana akimtia begani, mkia uliburura chini.

Maji mapya yakianza kushuka kutoka milimani, yenye rangi na harufu ya udongo, kambare huacha makao yake na kupanda. Husafiri usiku. Huingia mtoni, kutoka mtoni huingia mitaroni, kutoka mitaroni huingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina cha kifundo au goti. Huko dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike, jike hutaga, na mayai hunata kwenye majani. Samaki mkubwa hutaga mayai makumi ya maelfu kwa usiku mmoja. Wazazi hawakai kulinda. Hurudi kwenye maji yenye kina, pengine kabla hapajapambazuka, na mayai huanguliwa baada ya siku moja au moja na nusu. Watoto hubaki kwenye majani wakila wadudu wadogo wa maji, na maisha yao yote hutegemea mafuriko yatakawia kiasi gani.

Mambo ya dume na jike niliyajua baadaye, kwa kusoma. Wakati ule nilichojua ni sauti.

Mwaka 1961 ulianza na ukame. Pande za Kajiado ng'ombe wa Wamasai walikufa kwa wingi, na huku kwetu Nyando ulikuwa umebaki madimbwi. Nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani, alikuwa akilala kwenye nyumba iliyo upande wa mtaro. Usiku wa kwanza wa yale mafuriko alituamsha kwa kugonga ukuta kwa mwiko. Alikuwa amesikia maji yakipigwa. Si mvua, maana mvua ilikuwa imetulia. Ni ule mpigo wa mkia kwenye maji madogo, hapa, pale, kisha kila mahali, mpaka ikawa huwezi kutenga mmoja na mwingine. Tulitoka na koroboi. Mwanga wake mdogo haukufika mbali, lakini palipofika palionekana migongo. Kambare walikuwa kwenye shamba la mtama la baba, wanapita katikati ya mabua, wengine kwenye maji yasiyofunika hata mapezi yao. Kwenye kituta kilichokuwa kimebaki kikavu niliona mmoja akijisukuma kwa ile miiba ya mapezi ya kifua, akavuka, akaangukia upande wa pili, akaendelea na safari yake bila haraka.

Wanaume wa boma walikimbilia mapanga na mikuki. Sisi wasichana na kina mama tulikuwa na vikapu vya kufunikia: unamfunika samaki, unaingiza mkono kwa juu, unamtoa. Inasemwa hivyo kwa urahisi. Mwiba wa pezi la kambare ukikuchoma, mkono unavimba, na nilichomwa mapema, nikaendelea kwa mkono mmoja. Asubuhi palikuwa na samaki uani hadi mbwa wakaacha kuwatazama.

Hapo kuna jambo ambalo vijana wa matangani hawalijui, na wazee wenzangu hupenda kulipamba. Husemwa kwamba mababu walikataza kuvua samaki mwenye mayai. Sikuwahi kusikia katazo hilo nyumbani kwetu. Usiku ule tuliwapiga wenye mayai na wasio na mayai, na Dani mwenyewe, aliyekuwa na miiko ya kila namna, alikula mayai ya kambare asubuhi yake. Kilichowaokoa samaki kilikuwa kwingine. Walikuwa wengi na sisi wachache, usiku wenyewe ulikuwa mmoja au machache, na wengi wao walikuwa wameshataga kabla hatujawafikia. Tena chombo kikubwa cha kuvulia mtoni hakikuweza kufanya kazi kwa wakati huo.

Chombo hicho ni kek. Ni uzio wa fito na matete unaopitishwa mtoni kutoka ukingo hadi ukingo kwa kupindapinda, na penye kila pembe huwekwa mgono, kikapu kirefu ambacho samaki akiingia hawezi kugeuka. Baba yangu mdogo alikuwa na sehemu yake katika kek ya ukoo. Kila mtu mwenye mgono alijua pembe yake, aliyoirithi kwa baba yake, na ugomvi wa pembe ungeweza kufikishwa mbele ya chifu. Basi sikiliza: hakuna kek iliyosimama Nyando ikiwa imefura. Maji ya kwanza yaling'oa fito zote yakazipeleka ziwani. Uzio ulijengwa upya mafuriko yalipoanza kupungua, na kufikia hapo samaki walikuwa wanarudi. Migono ya kwetu ilitazama juu, ikiwasubiri wanaoshuka, waliokonda, waliokwisha kumaliza kazi iliyowaleta. Hakuna hekima iliyopangwa hivyo. Mto ulikuwa na nguvu kuliko fito, na samaki akapata nafasi yake humo humo.

Na kambare hakuwa peke yake. Walipanda pia ningu, fwani, sire na wengine, kila mmoja kwa wakati na mahali pake. Mwingereza mmoja mtaalamu wa samaki, Peter Whitehead, aliizungukia mito ya Nyanza miaka ya 1950 na mwaka 1959 akachapisha maandishi kuhusu samaki wa Ziwa Viktoria wanaopanda mito. Niliyasoma nikiwa mwalimu, na ilinishangaza kuona mgeni ameandika kwa utulivu mambo ambayo kwetu yalikuwa ya kupigiana kelele ukingoni.

Ningu nimtaje kwa urefu kidogo kwa sababu ya mama yangu. Mama alikuwa Msabato. Wasabato walifika Gendia, ng'ambo ya ghuba, mwaka 1906, na kufikia wakati wa utoto wangu walikuwa wamejaa nchi nzima, na pamoja nao ile sheria ya Mambo ya Walawi: samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Kambare ana mapezi, magamba hana. Kwa hiyo mama hakumla, hakumpika kwenye sufuria zake, na mwiko uliogusa mchuzi wake ulikaa nje kwa Dani. Lakini kumuuza aliona si dhambi. Alimpasua, akamkausha kwa moshi juu ya uchaga, akampeleka soko la Ahero, na karo yangu ya shule ilitoka kwenye samaki ambaye mwenyewe hakuwahi kumwonja. Dani alimcheka mpaka kufa kwake. Alisema Mungu wa mkwewe ana macho makali ya kuona magamba na macho mabovu ya kuona pesa.

Ningu ana magamba. Huyo ndiye aliyekuwa samaki wa mama: mwembamba, mtamu, mwenye miiba mingi, anayepanda mto kwa makundi maji yakianza kupata rangi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulijua mapema kuliko majirani kwamba ningu anapungua. Waliokula kila kitu walihama kutoka samaki mmoja hadi mwingine bila kugutuka. Mama alikuwa anauliza sokoni, anaambiwa hayupo, anarudi na mboga. Tayari kabla ya mvua za Uhuru alikuwa akizungumza juu ya ningu kama mtu wa zamani aliyehama. Wakati huo mbuta hakuwa ameonekana Kano hata mmoja.

Aliyewamaliza ningu ni wavu. Nyavu za kutega zililetwa kwenye ghuba yetu mwaka 1905, zikafanya maajabu kwa ngege, yule perege wetu, kisha zikaanza kumpunguza ngege huyo huyo. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alifanya uchunguzi wa ziwa na kushauri matundu yasiwe chini ya inchi 5, ili ngege wadogo wapite. Nyavu za kwanza zilikuwa za uzi wa kitani, ambao huoza usipoanikwa. Katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni, ambazo haziozi, na mtu akaweza kuziacha majini usiku hadi usiku. Sheria ya inchi 5 nayo ikalegea, kisha ikafutwa. Matundu yakawa madogo, na wenye nyavu wakagundua jambo ambalo sisi wa juu hatukuwa na uwezo wa kulifanya: kuwangojea samaki mdomoni mwa mto kabla hawajapanda.

Tofauti yote ni hiyo, na ndiyo ninayotaka kijana wa matangani aisikie. Kek ilimkuta samaki anashuka. Wavu wa mdomoni ulimkuta anapanda, tumbo limejaa. Idadi ya samaki kwenye karai inaweza kuwa ile ile siku hiyo, na mwaka wa tatu ukaona matokeo.

Niliona mwenyewe. Baada ya mafuriko yale nilipewa kazi ndogo ya likizo na mtu mmoja wa idara ya samaki aliyekuwa akipita fukweni na ubao wa kupimia. Alihitaji mtoto anayeweza kuandika tarakimu bila kuzikosea, na mimi nilikuwa darasa la juu. Yeye alipima na kupasua, mimi niliandika. Fukweni, karibu na mdomo wa Nyando, alipasua kambare na ningu mmoja mmoja, na nikaandika neno lile lile safu nzima: mayai, mayai, mayai. Tulipopanda juu kwenye migono ya baba mdogo, safu ilikuwa na neno jingine: tupu. Yule bwana hakutoa hotuba. Alimwonyesha Dani zile kurasa mbili, na Dani, asiyejua kusoma, akamuuliza, "Sasa mwanangu, hawa wa chini watakaonunuliwa leo, wa mwakani watatoka wapi?" Akajibu, "Ndilo swali, mama." Wakanywa uji.

Ziwa lenyewe wakati huo lilikuwa halijulikani linataka nini. Mvua hazikukoma mwaka 1961. Maji yalipanda mwaka baada ya mwaka mpaka Mei 1964, yakiwa yameongezeka zaidi ya mita mbili. Maboma ya ufukweni yalizama na miti ya mikuyu ikafia majini imesimama. Baba aliamini hadi mwisho wake kwamba bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, ndilo lililotuzibia maji, na hakuwa peke yake. Ufuo mzima uliamini. Wapimaji walisema ni mvua. Kwa kambare hilo halikuwa na tofauti. Alipata mafunjo mapya yaliyozama na malisho yaliyogeuka kinamasi, akazaa kwa wingi ambao sijauona tena. Ningu hakufaidika sawa naye. Yeye alihitaji mto, na mdomo wa mto ulikuwa umezibwa kwa nyavu.

Disemba ya 1961 maji yakiwa bado uani, tulikwenda kwa mtumbwi hadi duka la Mhindi barabarani kusikiliza redio. Tanganyika ilikuwa inapata uhuru wake tarehe 9, na habari zilisema bendera imepandishwa kileleni Kilimanjaro. Wanaume walishangilia wakiwa wamekunja suruali. Mama yangu aliuza kambare waliokaushwa kwa wote waliokuja, akamaliza mzigo wake kabla hotuba hazijaisha, na siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba atanipeleka shule ya bweni.

Nikaenda. Nikawa mwalimu, nikaolewa Nyakach, karibu na mto Sondu, na miaka mingi nilikuwa nikiijua Nyando kwa kupita tu darajani. Kwa hiyo sehemu hii nitaipitia haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaanzishwa mradi wa mpunga wa Ahero, na kambare akaingia mifereji yake bila kuomba ruhusa. Mashamba ya miwa yakaongezeka juu ya bonde, na rangi ya maji ikazidi kukolea. Kek ya ukoo haikujengwa tena. Wenye pembe walikuwa wamepata kazi viwandani au reli, na wasiopata hawakuona cha kutega. Hakuna aliyeitangazia kifo. Mwaka mmoja fito hazikukatwa, basi.

Mbuta alikuja kwa kelele zake mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa ametiwa ziwani upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, na tena hadharani mwaka 1962 na 1963, Kisumu ikiwemo, lakini alikawia kuongezeka. Alipoongezeka, alikula fulu. Hilo sibishi hata kidogo. Aina za fulu kwa mamia zilipotea au kukaribia kupotea, na waliokuwa wakiishi kwa samaki hao wadogo walilia. Mbuta ana kesi yake ya kujibu na ni kubwa. Ninachokataa ni kumbebesha na kesi ya mwenzake. Ningu alikuwa ameshaondoka kwenye sahani ya mama yangu miaka ishirini na zaidi kabla mbuta hajafika jikoni kwa mtu yeyote ninayemjua.

Kambare alinusurika, na sababu zake hazina utukufu. Anapumua hewa, kwa hiyo maji machafu hayamuui upesi. Anakula kila kitu, kuanzia mbegu hadi samaki wenzake. Na hahitaji mto mzima: mtaro wa mpunga, shimo lililochimbwa udongo wa matofali, mfereji wa barabara, vyote vinamtosha kuzaa ilimradi mvua inyeshe na majani yalale majini. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilipofunika ghuba na wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, kambare na kamongo waliongezeka chini yake. Nilikuwa Kisumu wakati huo, na wanawake wa soko la Kibuye walikuwa wakilitukana gugu asubuhi na kupanga kambare mezani mchana.

Baada ya kustaafu nilirudi Kano, kwenye ardhi ya baba, na huko ndiko nilikomkuta katika maisha yake mapya. Serikali ilikuwa imechimba mabwawa ya samaki nchi nzima kuanzia mwaka 2009, na mjukuu wangu mmoja akajifunza kutotolesha vifaranga vya kambare. Nilikaa kumtazama. Kambare aliyefungiwa bwawani hutengeneza mayai, lakini hatagi bila yale mafuriko, basi mtu humdanganya mwili. Huchukuliwa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine, husagwa, huchanganywa na maji ya chumvi, jike hudungwa sindano. Baada ya saa kadhaa mayai hukamuliwa kwenye beseni. Dume hakamuliki, inabidi achinjwe. Mayai hutandazwa juu ya kitu chenye nyuzi ili yapate pa kunata, na mjukuu wangu alitumia mizizi ya gugumaji. Kesho yake kulikuwa na vitu vidogo vyenye mkia vikitetemeka. Mambo yote yale ya usiku wa 1961, mvua, harufu ya udongo, safari kutoka ziwani, yamo ndani ya bomba la sindano.

Nilidhani vifaranga wale ni wa kufugwa waliwe. Wengine, ndiyo. Lakini wanunuzi wanaolipa taslimu na kuja na pikipiki alfajiri ni wavuvi wa mbuta. Kambare mdogo ni chambo kizuri kuliko vyote kwenye ndoana za kamba ndefu, kwa sababu ngozi yake ni ngumu na anakaa hai majini akichezacheza na ndoana mgongoni kwa saa nyingi, wakati samaki mwingine angekuwa ameshakufa. Zamani walitumia fulu. Fulu walipoadimika, wakageukia watoto wa kambare, kwanza wa kuokotwa kwenye vinamasi, ambako wanawake na watoto huwachota kwa vyandarua vya mbu, kisha wa kutotoleshwa. Sina ugomvi na mjukuu wangu. Analipa karo kwa samaki huyo huyo aliyelipa yangu. Ugomvi wangu ni na wale wa vyandarua, kwa sababu wao wanarudia kosa la mdomo wa mto kwa njia nyingine, wakimchukua samaki kabla hajapata hata nafasi ya kuwa samaki.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena. Mwezi Mei lilifikia kimo cha 1964 na kukipita kidogo, na Nyando ukatandaa kama nilivyoujua. Familia nyingi zilihamia shuleni na makanisani. Usiku wa kwanza sikulala. Nilikaa mlangoni na tochi, na karibu na saa tisa nikawasikia kwenye shamba la jirani. Hawakuwa wengi kama wale. Walikuwepo, hata hivyo, na wakubwa kiasi cha kuangusha mabua.

Baada ya maji kushuka paliitishwa baraza juu ya kujenga matuta marefu zaidi kando ya mto. Nilisema naunga mkono, kwa sababu nimeshamzika mtoto wa jirani aliyechukuliwa na maji na sitaki kumzika mwingine. Kisha nikamuuliza mhandisi kama tuta lake lina mahali pa kupitisha maji kwenda kwenye majani ya chini ambako hakuna nyumba. Akauliza ya nini. Nikamweleza kambare, usiku wa kwanza, mayai, siku moja na nusu. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliandika. Akasema milango midogo inawezekana, gharama yake si kubwa, ila ni lazima mtu wa samaki aandike barua kwa mtu wa maji. Mjukuu wangu akasimama nyuma akasema barua ataiandika yeye, na watu wakacheka, kwa sababu wote wanajua biashara yake ni vifaranga. Aliiandika. Mimi niliisahihisha, nikaondoa maneno ya sifa nyingi, nikaongeza mwaka 1961 na ile habari ya kurasa mbili. Jibu la kwanza limeshakuja: wanataka ramani ya mahali ambapo kambare hutaga. Jumamosi tunakwenda kuichora, mimi na mjukuu wangu na wazee wawili waliowahi kuwa na pembe kwenye kek, nao wameshaanza kubishana mtaro ulipita upande gani wa mkuyu.